Hiyo "dunia ya pili" imepatikana mara ngapi?

Hebu tuhesabu pamoja. Mwaka 2007 "dunia ya pili" ilipatikana, ikaitwa Gliese 581c. Magazeti yakashangilia. Baadaye wataalamu wakasema aah, ile ni tanuri, iko karibu mno na nyota yake. Mwaka 2010 ikapatikana nyingine kwenye nyota ileile, Gliese 581g, tukaambiwa hii sasa ndiyo yenyewe. Mwaka 2014 wanasayansi wengine wakapitia vipimo upya wakasema sayari hiyo haipo. Kilichowadanganya wenzao ni misukosuko ya sumaku kwenye uso wa nyota. Mwaka 2015 ikaja Kepler-452b, "binamu wa Dunia", binamu mwenyewe ana upana unaozidi wa Dunia kwa asilimia 60. Februari 2017 zikaja saba kwa mkupuo kwenye nyota TRAPPIST-1. Aprili 2025 ikawa zamu ya K2-18b, safari hii na dalili za gesi ambayo huku kwetu hutolewa na viumbe wa baharini, na haukupita muda wataalamu wengine wakaanza kuuliza kama gesi yenyewe imeonekana kweli.

Kama wewe ni msomaji wa kawaida wa habari za kimataifa, basi ndani ya miaka ishirini hivi umeshakabidhiwa dunia ya pili mara tano au sita. Sasa ukisikia kwamba Wamarekani wanapanga kutumia kiasi cha dola bilioni 11 kujenga darubini ya kutafuta sayari zinazoweza kuwa na uhai, utasema nini? Utasema kile ambacho jamaa zangu pale kijiweni husema kila nikiigusia habari hii: "Kwani si walishaipata?"

Siwalaumu hata kidogo. Aliyeambiwa uongo hana kosa. Wa kulaumiwa ni sisi wa vyumba vya habari, na leo sina mpango wa kutuonea haya.

Jambo ambalo vichwa vya habari havikukwambia ni hili: katika sayari zote nilizozitaja hapo juu, hakuna hata moja ambayo binadamu ameiona. Hakuna! Ile picha uliyoiona, ya tufe la bluu lenye mawingu na bahari inayong'aa, ilitengenezwa na msanii aliyekaa mbele ya kompyuta. Msanii hana hatia, maana chini ya kazi yake huandikwa kabisa kwamba huu ni mchoro. Maandishi hayo ndiyo ya kwanza kukatwa picha ikifika kwetu.

Kufikia Septemba 2025 idadi ya sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu wa Jua ilivuka 6,000, na nyingi kati ya hizo zimepatikana kwa kivuli. Sayari inapita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota unapungua kidogo, kama mbu anapokatiza mbele ya taa ya gari. Nyingine zimepatikana kwa kuona nyota inavyoyumba ikivutwa na sayari. Ndivyo Michel Mayor na Didier Queloz walivyoipata mwaka 1995 ile ya kwanza kwenye nyota inayofanana na Jua, wakaja kupewa Nobeli mwaka 2019. Hata sisi Watanzania tunayo yetu, sijui kama mnajua. Mwaka huohuo wa 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliwapa watu wa kila nchi nafasi ya kubatiza nyota na sayari, na nyota iitwayo WASP-71 ikapewa jina la Mpingo, sayari yake ikaitwa Tanzanite. Jina zuri, linapendeza mdomoni. Lakini hakuna Mtanzania wala Mzungu aliyewahi kuiona Tanzanite. Kinachojulikana ni kivuli chake, na kwamba ni jitu la gesi linalomaliza mwaka wake kwa siku zisizotimia tatu.

Zile chache zilizowahi kupigwa picha moja kwa moja karibu zote ni majitu machanga, bado yana joto la kuzaliwa, na yako mbali na nyota zao. Sayari ndogo ya mawe kama hii tunayoikanyaga, inayozunguka nyota kama Jua, kwa umbali kama huu wetu? Picha sifuri.

Kwa nini? Hapa naomba uvumilie, maana hapa ndipo penye utamu. Simama ufukweni Dar es Salaam, tazama upande wa Unguja, karibu kilomita 70. Chukulia kwamba kule kuna taa moja kali kupita kiasi. Pembeni ya taa hiyo muweke kimulimuli, na nafasi kati yao iwe upana wa vidole viwili tu. Huo ndio mwachano wa Dunia na Jua kwa mtu anayetutazama kutoka umbali wa miaka 33 ya nuru, yaani jirani wa karibu kabisa kwa vipimo vya huko juu. Halafu upunguze mwanga wa kimulimuli mpaka uwe sehemu moja kati ya bilioni 10 ya mwanga wa taa. Kazi uliyopewa ni kumpiga picha kimulimuli. Ukimaliza, uuchambue mwanga wake rangi kwa rangi uniambie anavuta hewa gani.

Darubini iliyopo haiwezi. James Webb, yenye kioo cha mita 6.5, iliyorushwa Desemba 25, 2021, ni mashine ya ajabu, ila haikuundwa kwa kazi hii. Inachoweza ni kuchungulia angahewa za sayari zinazopita mbele ya nyota ndogo nyekundu, na hata huko majibu ya mwanzo hayakuwa ya kushangiliwa: mwaka 2023 ilipima sayari ya kwanza ya TRAPPIST-1 na haikuona dalili ya angahewa nene. Ile darubini kubwa ya Ulaya inayojengwa Chile, yenye kioo cha mita 39, nayo itajaribu bahati yake kwenye nyota nyekundu za jirani. Lakini itakuwa chini ya hewa inayotetemeka usiku kucha, na kwa nyota kama Jua haitarajiwi kufika kwenye moja kwa bilioni 10. Ni lazima utoke nje ya hewa, tena utoke na kifaa ambacho bado hakijawahi kutengenezwa.

Ndiyo maana Novemba 2021 jopo la wanasayansi wa Marekani, ambalo kila baada ya miaka kumi hupanga vipaumbele vya astronomia, lilipendekeza darubini ya anga yenye kioo cha kama mita 6, ichunguze walau sayari 25 zinazoweza kukalika, na irushwe miaka ya 2040. NASA wakaja kuiita Habitable Worlds Observatory. Mimi naiita Darubini ya Dunia Zinazokalika mpaka BAKITA watakapotupa jina bora.

Sasa, katika pendekezo hilo kulikuwa na sharti ambalo karibu hakuna gazeti lililoliandika. Jopo lilisema msikimbilie kujenga. Kwanza ikomazeni teknolojia, muijue ndani nje, ndipo mtaje bei ya mwisho na mfunge mkataba. Mwaka 2024 NASA ikafungua ofisi ya kazi hiyo ya kukomaza katika kituo chake cha Goddard, Maryland. Kukomaza, narudia. Embe la kuvundika tunalijua wote: nje njano, ndani kamba na uchachu.

Kinachokomazwa ni nini? Cha kwanza ni kifaa kinachoitwa koronagrafu. Asili yake si ngeni. Mfaransa Bernard Lyot aliitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1930 ili alione taji la Jua bila kusubiri kupatwa. Wazo ni lile unalolitumia ukiinua kiganja kuziba jua ili umwone mtu aliye upande wa pili wa barabara. Kuziba ni rahisi; kasheshe ni mwanga unaochuruzika pembeni mwa kiganja. Mwanga ni wimbi, ukigusa ukingo wowote unapinda na kutawanyika. Ili kuuzima huo unaobaki, ndani ya kifaa kunawekwa vioo vinavyobadilika umbo, vyenye visukumio vidogo mgongoni. Koronagrafu iliyofungwa kwenye darubini ya Nancy Grace Roman, ambayo nitairudia, ina vioo viwili vya namna hiyo, kila kimoja na visukumio 2,304, yaani 48 kwa 48. Kompyuta inavisukuma na kuvivuta kwa viwango visivyofikirika mpaka kando ya nyota panabaki shimo la giza. Ndani ya shimo hilo ndimo unamotafuta sayari.

Mwaka 2019, katika chemba iliyonyonywa hewa yote kwenye maabara ya JPL, California, wahandisi walifikia giza la kama 4 kwa bilioni 10. Soma tena hiyo sentensi taratibu. Bado si moja kwa bilioni 10, na jaribio lenyewe lilifanywa kama vile kioo kikuu cha darubini ni kizima, hakina maungio. Darubini yenye mita 6 inaweza ikalazimika kuwa na kioo cha vipande, kama Webb yenye vipande 18, na kila ufa kati ya kipande na kipande unamwaga mwanga mahali usipotakiwa. Hiyo ni kazi nyingine inayojitegemea, na haijaisha.

Halafu kuna suala la kutulia, na hili ndilo huninyima usingizi. Kioo kikijipinda kidogo kwa mabadiliko ya joto au mtikisiko wa mtambo, mwanga wa nyota unarudi shimoni kwa umbo la vidoadoa, na kidoa kimoja kinaweza kufanana na sayari kama pacha. Ili kuepuka hilo, darubini nzima inatakiwa iwe imetulia kwa kiwango cha takriban pikomita 10 muda wote wa kupiga picha. Atomu ya haidrojeni ina upana wa kama pikomita 100. Kwa hiyo mtambo mkubwa kuliko nyumba uliyopanga, unaoelea katika baridi ya anga na kugeuzwa huku na huko, usicheze zaidi ya sehemu ya kumi ya atomu! Utulivu wa Webb huhesabiwa kwa nanomita, na nanomita moja ni pikomita 1,000. Na kabla hujatengeneza kitu kilichotulia namna hiyo, inabidi kwanza utengeneze kipimo cha kukuhakikishia kwamba kimetulia.

Kuna mengine. Vihisio vya kuhesabu chembe za mwanga moja moja, maana mwanga wa sayari hiyo utaingia kwa mdondoko, kama maji ya bomba la mtaani kwetu. Na roboti za kuikarabati darubini ikiwa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa. Hubble ilitembelewa na wanaanga mara tano kati ya 1993 na 2009 kwa kuwa ilikuwa hapo juu tu, kilomita mia tano na ushei. Huko kwingine hakuna fundi wa kwenda.

Kwangu mimi hizi ndizo habari. Nilipompelekea mhariri mmoja (jina nalihifadhi, bado nahitaji ugali) habari ya lile giza la maabara, aliuliza swali moja: "Picha iko wapi?" Picha iliyopo ni ya pipa kubwa la chuma lenye nyaya. Ukurasa ukaenda kwa "sayari inayofanana na Dunia", na tufe la bluu likatuangalia sote kutoka gazetini kana kwamba linatuonea huruma.

Lakini tusijibebeshe lawama zote. Wenye miradi nao wanapenda kuuza maziwa kabla hawajanunua ng'ombe. Nani anakumbuka kwamba darubini ya namna hii ingekuwa imesharushwa siku nyingi? Mwaka 2004 NASA walitangaza mpango ulioitwa Terrestrial Planet Finder. Ungekuwa na darubini mbili: ya koronagrafu iruke karibu na mwaka 2014, ya pili yenye vyombo kadhaa vinavyoruka kwa pamoja ifuate kabla ya 2020. Wazungu wa upande wa pili, Ulaya, walikuwa na mpango wao ukiitwa Darwin. Tarehe zilitajwa, michoro ikachorwa, sisi tukaandika. Februari 2006 bajeti ikatoka na mpango wa NASA ukaahirishwa bila tarehe. Uchunguzi wa Darwin nao ukafungwa mwaka 2007. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa tangazo lile leo amemaliza chuo na anatafuta kazi.

Mtu atasema fedha zilikosekana. Sawa, ila fedha huwa hazikosekani hivihivi. Hukosekana kwa kile ambacho hakuna atakayekililia. Darubini iliyokaribia kurushwa ina watetezi: ina viwanda, ina wabunge ambao majimboni mwao bolti zinakazwa. Chemba yenye wahandisi wachache wanaohangaika na kioo chenye ukubwa wa sahani ya chai haina mtetezi. Msomaji ambaye angeweza kuuliza "mbona mmekata hiyo?" tulishamwambia kwamba dunia ya pili imepatikana. Ndiyo hasara ninayoisema. Kichwa cha habari cha uongo hakiishii kwenye kufungia maandazi. Kinakwenda kukaa kichwani mwa mpiga kura, na mwenye mkoba anajua kimo humo.

Na pale ambapo karakana imebanwa, tumeona kinachotokea. Hubble ilirushwa mwaka 1990 ikatoa picha zenye ukungu. Kioo chake kilikuwa kimesuguliwa kwa ustadi mkubwa kufuata umbo lisilo sahihi, ukingoni kikakosea kwa kama mikromita 2, kwa sababu kifaa cha kukipimia kilifungwa vibaya kwa milimita 1.3. Kinachouma zaidi ni kwamba vipimo vingine vya kiwandani vilionyesha kasoro, vikapuuzwa, na jaribio la mwisho la darubini nzima halikufanywa kwa kuogopa gharama. Wakaja kulipia safari ya wanaanga mwaka 1993 kwenda kuivalisha miwani. Hiyo ni mikromita 2. Darubini mpya haitavumilia hata sehemu ya laki moja ya kosa hilo.

Webb yenyewe ni somo la aina nyingine. Miaka ya 1990 ilikadiriwa kwa dola milioni 500 mpaka bilioni 1, iruke mwaka 2007. Ikaruka 2021 kwa dola zinazokaribia bilioni 10. Mwaka 2011 kamati ya Bunge la Marekani ilipendekeza ifutwe kabisa, na ilinusurika kwa tundu la sindano. Jopo huru lililoongozwa na John Casani mwaka 2010 lilikuta uhandisi uko vizuri. Kilichooza ni makadirio ya fedha na uongozi. Yaani mtu alitaja bei ya harusi kabla hajajua idadi ya wageni. Watu wanaitumia hadithi hii kusema darubini kubwa zisijengwe. Mimi naisoma kinyume: yeyote anayetaja leo bei kamili na siku ya kuruka kwa Darubini ya Dunia Zinazokalika anastahili kutazamwa kama dalali wa viwanja. Hata hizo bilioni 11 nilizozitaja mwanzoni ni makadirio ya jopo tu.

Wanasiasa sasa. Mwaka 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza fedha za sayansi za NASA zikatwe karibu nusu. Mwanzoni mwa 2026 Bunge likakataa makato hayo kwa sehemu kubwa, na wanasayansi wakashusha pumzi. Mpaka bajeti ijayo! Hii si namna ya kutunza kitu kinachohitaji miaka kumi na tano ya utulivu. Mwaka 2024 NASA iliwapa kampuni tatu, BAE, Lockheed Martin na Northrop Grumman, mikataba ya miaka miwili ya kazi za teknolojia za darubini hii. Jumla yote dola milioni 17.5. Haikuwa pesa pekee iliyotengwa, lakini linganisha mwenyewe na hizo bilioni zinazotajwa, kisha uniambie kama hapo ndipo pa kubania.

Najua kuna ndugu yangu ameshakunja uso: watu wana njaa, hospitali hazina dawa, hawa wanatafuta sayari. Hoja hii naiheshimu inapotoka kwa mwenye njaa. Inapotoka kwa mtu mwenye simu ya dola mia saba, hapana. Hizo ni fedha za Wamarekani, taifa ambalo wananchi wake hutumia zaidi ya dola bilioni 100 kwa mwaka mmoja kwa mbwa, paka na wanyama wengine wa kufugwa. Darubini ikifutwa kesho, hakuna panadoli hata moja itakayofika kwenye zahanati ya kijijini kwenu. Na tafadhali, wanaoitetea nao waache kutuambia habari za vikaangio visivyoshika ugali eti vilitokana na safari za mwezini. Teflon iligunduliwa mwaka 1938, NASA haijazaliwa. Darubini hii haihitaji kisingizio cha sufuria. Inajibu swali ambalo kila binadamu aliyewahi kulala nje kwenye mkeka amejiuliza.

Wala msiniambie kwamba haya si mambo yetu. Desemba 12, 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, roketi ya Marekani iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa na satelaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa kazi moja ya kupokea miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Iliitwa Uhuru. Kwa Kiswahili, ndiyo. Iliacha orodha ya vyanzo 339 vya miale hiyo, na Riccardo Giacconi, kiongozi wa utafiti ule, akapata Nobeli mwaka 2002. Ila ninachotaka ukione ni kilichotangulia. Kundi lake lilipata chanzo cha kwanza nje ya mfumo wa Jua mwaka 1962, kwa kifaa kilichorushwa na roketi ndogo inayochungulia juu ya hewa kwa dakika chache kisha inaanguka. Miaka minane ikapita, ya kurusha vifaa, kuanguka, kutengeneza upya, mpaka Uhuru ikawa tayari. Hakuna aliyeandika wakati huo kwamba ramani ya anga ya eksirei imeshapatikana.

Kuna pingamizi moja ambalo naliona ni zito kweli. Je, wakikomaza kila kitu, wakarusha, wakatazama hizo sayari 25, na wasikute chochote? Inawezekana kabisa. Jopo liliitaja hiyo 25 kwa sababu hiyo: ukitazama sayari mbili ukakosa, hujajifunza kitu, ukitazama 25 kwa makini ukakosa, umeanza kujua jinsi uhai ulivyo adimu. Hata kukosa kwenyewe kuna ugumu wake. Dunia yetu hii ilikaa zaidi ya miaka bilioni 2 ya mwanzo bila oksijeni ya maana hewani, ilhali sehemu kubwa ya muda huo vijidudu vilikuwa vimejaa baharini. Mgeni ambaye angetutazama wakati huo akitafuta oksijeni peke yake angeandika "hakuna mtu" na kuondoka. Ndiyo maana wanasayansi wanataka kupima gesi kadhaa kwa pamoja, na wanataka darubini ione mpaka miale ya urujuanimno, ambako ozoni huacha alama yake hata oksijeni ikiwa kidogo. Kila hitaji kama hilo linaongeza kazi karakanani: rangi ya kupaka kioo ili kiakisi urujuanimno bila kuiharibia koronagrafu ni utafiti wa miaka kwa peke yake.

Kwa hiyo wahariri, siku taarifa nyingine ya "dunia ya pili" itakapoingia kwenye barua pepe zenu, naomba mambo mawili tu kabla hamjaita msanii. Ulizeni kama kuna mtu ameuona mwanga wa sayari yenyewe au ni kivuli. Kisha ulizeni nyota yake ni ya aina gani. Mkijibiwa kivuli na nyota nyekundu, iandikeni hivyohivyo, kurasa za ndani, na ile picha ya bluu muiache huko ilikotoka.

Mimi macho yangu yapo kwa Roman. Darubini hiyo ilimaliza kuunganishwa mwishoni mwa 2025, na ratiba rasmi ilitaka iruke kabla Mei 2027 haijapita. Koronagrafu yake imewekwa kwa majaribio tu, imepewa kama siku 90 za kutazama ndani ya mwaka mmoja na nusu wa mwanzo. Sharti lake rasmi ni kufikia giza la moja kwa milioni 10, ingawa waliyoitengeneza wanatarajia itafanya vizuri mara nyingi zaidi ya hapo. Haitaona dunia yoyote, na picha zake zitakuwa doa jeupe lililozungukwa na weusi, hazitauza gazeti. Ikivuka sharti lake, kutoka hapo mpaka moja kwa bilioni 10 patabaki mara elfu moja. Nitakuwa naandika tarakimu hiyo hapa kila itakaposogea. Kijana aliye kidato cha pili leo atakuwa na miaka thelathini na kidogo itakapofika zamu ya kuzitazama hizo 25.